Sura ya Sita: Maji Yanaingia Lini?

Mwenye chombo kinachovuja huwa na swali moja mdomoni: maji yanaingilia wapi? Ni swali la haki, ila si la kuanza nalo. Mafundi wazoefu wa mialo ya Ziwa Victoria huliweka kando kwanza, wakauliza la kwao: maji yanaingia lini? Chombo kikiwa kimefungwa usiku, au kikiwa safarini? Kikiwa kitupu, au kikiwa na mzigo? Baada ya mvua, au hata kiangazi kikavu?

Sura hii inatetea swali hilo la pili. Tundu hujificha chini ya bati, nyuma ya taruma (mbavu za chombo), ndani ya ubao uliooza kwa ndani huku rangi yake ikimeta kwa nje. Wakati haujifichi. Akijua maji yanaingia lini, fundi ameshafuta robo tatu ya mahali pa kutafuta kabla hajashika nyundo.

Mfano wetu ni Lamadi, mji wa njia panda katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapokutana na ile inayokwenda Bariadi. Abiria wengi wa mabasi wanaujua kwa kituo chake na kwa kuwa jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Lakini upande wa magharibi, mwendo mfupi kutoka lami, kuna Ghuba ya Speke, na huko ndiko mitumbwi ya sangara na dagaa inakoegeshwa.

Maji haya yana historia ndefu ya vyombo vinavyovuja. Machi 8, 1875, mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, ng'ambo ya kusini ya ghuba hii, akaelekea mashariki kuizunguka pwani na Lady Alice, mashua iliyokuwa imebebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Juni mwaka huohuo alirudi majini na sehemu ya msafara wake, safari hii kwa mitumbwi aliyoazimwa na Lukonge, mtemi wa Ukerewe. Mbao za mitumbwi hiyo hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Ziwa lilipochafuka usiku, mitumbwi 5 ilizama. Watu wote waliokolewa, ila bunduki na nafaka viliishia chini.  Jibu la swali la lini, usiku ule, lilikuwa mzigo na mawimbi.

Mahali maji yanapoonekana

Sababu ya kwanza ya kutoliamini jicho ni kwamba maji hayakai yalipoingilia. Yakishapita kwenye ubao hushuka hadi mkukuni, kwenye uti wa chini wa chombo, yakafuata mkuku hadi sehemu ya chini kuliko zote. Katika mtumbwi wenye injini ya kupachika, sehemu hiyo ni nyuma, kwa sababu injini, tangi la mafuta na nahodha vyote viko huko. Kwa hiyo karibu kila uvujaji huonekana nyuma, hata tundu likiwa mbele kabisa. Mwenye chombo huona dimbwi karibu na injini, akalaumu ubao unaobeba injini, akautia kalafati, yaani akauziba kwa pamba. Wiki ya pili dimbwi liko palepale.

Sababu ya pili ni namna mitumbwi yetu inavyoundwa. Kati ya ubao na ubao fundi hushindilia pamba, kisha mara nyingi hupigilia ukanda mwembamba wa bati juu ya kiungo ili pamba isitoke. Bati linalinda pamba, lakini pia linaficha njia ya maji. Pamba ikichakaa mahali pamoja, maji hupenya, yakatambaa katikati ya bati na mbao, yakachungulia urefu wa mkono mmoja au miwili kutoka mlangoni mwao. Anayeziba yanapotokea anayahamisha tu: kesho yatatokea kwenye msumari wa pili.

Pamba yenyewe, kwa bahati njema, haina shida Simiyu. Huu ni mmoja wa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo. Kinachokosekana ni kujua iende kwenye kiungo kipi.

Tundu dogo, mzigo mkubwa

Wapo wanaosema kuvuja kidogo ni tabia ya mtumbwi, dawa yake ni kidumu kilichokatwa na kijana wa kukumba maji. Tupige hesabu kidogo.

Chukua tundu la upana wa sentimita 1, kiasi cha ncha ya kidole kidogo, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji. Kwa kanuni ya kawaida ya mtiririko, litapitisha takriban lita 400 kwa saa. Hayo ni madumu 20 ya lita 20, na uzito wake ni sawa na magunia 4 ya mahindi ya kilo 100. Upana wa tundu ukiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nne. Lakini tundu hilohilo likishushwa liwe na kina mara mbili, maji huongezeka kwa kama asilimia 40 tu. Ndiyo kusema ukubwa wa tundu unadhuru kuliko kina chake, na tundu lililo karibu na uso wa maji si la kudharau.

Upande wa pili wa mizani kuna tone. Tone moja kila sekunde hutoa kama lita 4 kwa siku nzima. Hilo mtu anaweza kuishi nalo, mradi ajue kwamba leo ni tone na kesho bado ni tone. Haba na haba ikianza kuongeza mwendo, si tabia ya chombo tena.

Hatari yenyewe haingoji chombo kijae. Kinachoelesha chombo chenye mzigo, kiwe mtumbwi au meli, hasa ni hewa iliyomo ndani yake. Watanzania tulijifunza hilo kwa uchungu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Kwa muda meli ile ilibaki ikielea chini juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa tumboni. Ilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa wamekwama ndani, hewa ikatoka, na meli ikazama.

Maji yaliyomo ndani yana ubaya mwingine: yanakimbia. Mzigo wa samaki uliopangwa vizuri hukaa mahali pake. Maji, chombo kikiinama kidogo kushoto, yote huhamia kushoto na kukiinamisha zaidi. Hapo wimbi la kawaida, ambalo chombo kikavu kingelipanda na kulishuka, linatosha kukipindua. Mtumbwi wenye maji ya kufika vifundoni unaweza kupinduka muda mrefu kabla haujazama kwa uzito.

Kalenda ya uvujaji

Sasa turudi kwenye swali la fundi. Majibu yake si mengi, na kila jibu linaelekeza sehemu yake.

*Maji huingia hata chombo kikiwa kimefungwa, kitupu, na ziwa limetulia.* Hili ndilo jibu jepesi kwa fundi. Tundu liko chini ya mstari wa maji wa chombo kitupu: mkukuni, kwenye viungo viwili au vitatu vya chini, au kwenye msumari uliooza. Mitumbwi huburutwa juu ya mchanga na mawe kila siku, kwa hiyo fundi huanza pale tumbo linapoguswa kwanza na ardhi.

*Maji huingia siku za kwanza tu, kisha yanapungua yenyewe.* Wavuvi wa dagaa wanaijua hali hii. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzishwa nchi kavu, ikalala juani. Mbao hukauka na kusinyaa, viungo vikafunguka. Giza likirudi na kazi ikianza, usiku wa kwanza chombo kinakunywa maji kama kichujio. Baada ya siku moja au mbili mbao zimevimba tena na viungo vimefunga. Anayekimbilia kushindilia pamba nyingi mbao zikiwa kavu anajitafutia balaa: zikivimba na kukuta nafasi imejaa, zitasukumana mpaka misumari ing'oke au taruma lipasuke. Dawa ya hapa ni kivuli, na kumwagia chombo maji siku moja kabla ya kukishusha.

*Maji huingia kikiwa na mzigo tu.* Tundu liko juu ya mstari wa maji wa chombo kitupu na chini ya mstari wa chombo kilichopakiwa. Ni ukanda mwembamba, pengine upana wa ubao mmoja au miwili, lakini unazunguka chombo kizima.

*Maji huingia kikiwa mwendoni tu.* Hapa kuna watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni ubao wa nyuma, ambao hubeba uzito wa injini na mtikisiko wake; matundu ya boliti zake hupanuka kidogo kidogo. Wa pili ni viungo vya mbele, vinavyopigwa na mawimbi na kufunguka na kufumba kila pigo. Wa tatu si tundu kabisa: ni maji yanayoruka juu ya ukingo. Njia ya kuwatofautisha ni kupunguza mwendo ghafla na kutazama nini kinakoma.

*Maji huingia baada ya mvua tu.* Kule pwani baharia ana ulimi wa kumsaidia: maji ya chumvi yametoka baharini, yasiyo na chumvi yametoka mbinguni. Huku ziwani yote ni maji baridi, ulimi hausemi kitu. Inabidi kufunika chombo kwa turubai usiku mmoja wa mvua na usiku mwingine kukiacha wazi, kisha kulinganisha.

*Maji huingia wakati wote, na kila wiki ni mengi zaidi.* Hili ni jibu baya kuliko yote. Mbao zinaoza au misumari inaliwa na kutu, na chombo hakidai kalafati tena. Kinadai mbao mpya.

Mtumbwi wa dagaa mwaloni

Tuone swali likifanya kazi. Mazungumzo kati ya mwenye mtumbwi na fundi huenda namna hii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nasikia chombo kinakusumbua."

"Kinakunywa maji, mzee. Nyuma pale nimeshatia kalafati mara mbili, bado."

"Usiku kikiwa kimefungwa, kinaamka na maji?"

"Hapana. Kinaamka kikavu."

"Mkitoka jioni?"

"Kikavu tu. Tunaanza kukumba baada ya kuvuta wavu wa kwanza."

"Basi nyuma hapana kosa. Kilete ukingoni, na mtafute magunia ya mchanga."

Maneno matatu ya mwisho ya yule kijana yamebeba uchunguzi wote: *wavu wa kwanza*. Chombo kisichovuja kikiwa kitupu hakina tundu chini. Chombo kisichovuja kikitoka jioni, injini ikiwa inafanya kazi, hakina kosa nyuma. Kinachobaki ni mzigo, au jambo linalotokea wakati wa kuvuta wavu.

Chombo kinasogezwa kwenye maji ya kufika magotini, kinakumbwa mpaka tone la mwisho, kinapanguswa kwa matambara. Mbao za kukanyagia zinaondolewa ili tumbo lionekane. Kisha fundi ananyunyiza majivu makavu kwenye kila kiungo, kwa ndani. Majivu ni shahidi mwepesi: tone likipita, hata liwe dogo kiasi gani, linaacha mstari mweusi, na ncha ya juu ya mstari huo ndiyo mlango.

Magunia ya mchanga yanapakiwa, nusu kulia, nusu kushoto. Chombo kinashuka. Majivu yanabaki meupe. Mwenye chombo anaanza kukata tamaa, lakini fundi anaagiza magunia yote yahamie upande wa kushoto, upande wanaosimama wavuvi wakivuta wavu. Mtumbwi unainama. Haipiti dakika nyingi, katika ubao wa tatu kutoka juu, mbele ya katikati, mstari mweusi unaanza kutambaa kutoka chini ya ukanda wa bati. Maji yanafuata taruma, yanafika mkukuni, yanaelekea nyuma kwenye injini, palepale palipotiwa kalafati mara mbili bila sababu.

Bati likibanduliwa, sababu inaonekana. Wavu wenye mzigo umesugua ukingo huo usiku baada ya usiku, misumari imelegea, na pamba chini yake imebaki nyuzi chache zilizooza. Ubao huo hauguswi na maji chombo kikiwa kimenyooka. Unazama tu watu wote wanaposimama upande mmoja.

Kumimina maji ndani

Kuna kipimo kingine, cha chombo kilicho nchi kavu, ambacho hutumika duniani kote: badala ya kungoja maji yaingie, unayamimina ndani na kutazama yanatokea wapi kwa nje. Kwa nje hakuna taruma wala mbao za kukanyagia za kuyaficha.

Kina masharti yake. Chombo kiegemezwe vizuri kwenye magogo, mkuku ukiwa umeshikiliwa sehemu nyingi, kwa sababu lita moja ni kilo moja na mbao zimezoea kusukumwa kutoka nje kwenda ndani. Maji yamiminwe kwa hatua. Mimina kiasi cha kufunika mkuku, ngoja, zunguka chombo chote ukitazama. Pakiwa pakavu, ongeza mpaka kiungo cha kwanza, ngoja tena. Tone litakapotokea, usawa wa maji wa ndani umeshakuambia urefu wa tundu, nalo tone limekuambia upande. Anayejaza chombo chote kwa mkupuo ataona matone kumi na hatajua lipi ni la kwanza.

Faiba na injini ya ndani

Boti za faiba zinazidi kuonekana ziwani. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi jijini Mwanza boti za kisasa 55, pamoja na vizimba 222 vya kufugia samaki. Faiba haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo kalenda yake ina ukurasa mmoja pungufu: hakuna uvujaji unaojiponya. Yaliyobaki ni yaleyale. Kizibo cha kutolea maji nyuma, kilichosahaulika au chenye mpira uliochakaa, ndicho cha kwanza kutazamwa. Baada yake ni matundu ya skrubu, maana kila kitu kilichofungwa kwenye boti kimetobolewa mahali. Mwisho ni nafasi iliyo kati ya sakafu na tumbo: maji yakiingia humo hayaonekani kabisa. Boti inayozidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka na kukaa chini majini, ilhali sakafu ni kavu, inavuja.

Boti zenye injini ya ndani huongeza wakati mmoja kwenye orodha: *injini ikiwaka tu*. Mfano wake mzuri ni boti za kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Ghuba ya Speke, yenye mamba na viboko wake, haina haja nazo, lakini boti hizo zinafundisha. Shafti ya pangaboi hutoboa tumbo la boti na kupita katika kizuizi kilichojazwa nyuzi zenye grisi. Shafti ikizunguka, tone la hapa na pale linatakiwa lipite, kwa kuwa ndilo linaloipoza. Anayekaza nati mpaka tone likome huunguza nyuzi na kuila shafti. Anayeacha tone liwe mchirizi hurudi na boti iliyojaa maji. Tena injini hiyo huvuta maji ya ziwa ili ijipoze: bomba lake likipasuka, pampu huleta maji ndani kwa bidii ileile iliyokuwa ikiyatoa nje. Zima injini, na uvujaji huo unakoma au unapungua sana. Injini ya kupachika haina shafti ya kutoboa tumbo wala bomba la kupitisha maji ndani, na hiyo ni sababu moja ya kuwa rahisi kutunza.

Nani wa kuulizwa

Mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hukiona chombo kwa muda mfupi, kikiwa kimenyooka na kitupu. Fundi hukiona siku kimeshaharibika. Mwenye chombo, mara nyingi, hukiona asubuhi wakati wa kugawana mapato. Anayekaa nacho usiku kucha ni kijana aliyepewa kidumu kilichokatwa. Yeye ndiye anayejua kwamba jana alikumba mara tatu na leo mara saba, kwamba maji yalianza walipogeuka kuelekea upepo, kwamba upande wa kulia ndio hulowa kwanza. Kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote chomboni, hakuna anayemuuliza.

Aulizwe. Apewe daftari au simu, aandike saa aliyoanza kukumba, mzigo uliokuwepo, upepo, na idadi ya vidumu. Baada ya mzunguko mmoja wa mwezi, mwenye chombo atakuwa na maelezo ambayo fundi yeyote wa Lamadi angeyalipia. Na vidumu vikizidi kila wiki bila kujali mzigo, upepo wala mvua, chombo kisitoke tena mpaka mbao zibadilishwe, hata kama ni giza la mwezi na jirani zake wanarudi na dagaa tele.